Kijiko Alichonyimwa Kinyozi

Mtaani kote hapakuwa na mtu aliyeichukia pombe kama Mama Kanisa, na chuki hiyo aliirithi kihalali. Baba yake alikuwa mwashi hodari, aliyejenga nyumba za watu mpaka akazeeka, huku ya kwake akiinywa ukuta baada ya ukuta hadi bati la mwisho. Siku alipookotwa mtaroni amekufa, mama yake aliwaambia majirani kwamba ni moyo. Majirani nao wakaitikia, pole, moyo una mambo, ilhali harufu ilikuwa imetangulia sebuleni kabla ya maiti. Binti aliyekaa pembeni akishika sahani ya rambirambi aliapa kimoyomoyo kwamba harufu ile haitalala tena nyumba moja na yeye.

Akakua, akawa fundi cherehani, akaokoka, akachaguliwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na jina alilopewa na wazazi likamezwa na hilo la Mama Kanisa. Siku za kazi alishona sare za shule. Mwaka ukielekea ukingoni alishona majoho ya kwaya. Muda mwingi midomo yake ilibana pini, na watu walitania kwamba Mungu ndiye aliyezijaza pale ili wengine nao wapate nafasi ya kuongea. Lakini likija suala la pombe, pini zilitoka zote.

Wakati mmoja, kwenye kipindi cha akina mama, msichana mmoja wa kwaya mwenye ulimi mwepesi alimuuliza, "Sasa Mama, mbona Bwana mwenyewe aligeuza maji yakawa divai, tena harusini?"

"Alitengeneza divai, hakutengeneza walevi," Mama Kanisa akajibu bila kuinua macho. "Na wewe siku utakayoweza kugeuza maji, kunywa."

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega, mjadala ukaishia hapo. Mijadala yote iliishia hapo alipokuwapo yeye.

Hata shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amekiona cha moto. Huyo alikuwa dereva wa pikapu, Mkristo wa dhehebu jingine, ambako padre hunywa divai altareni na muumini akipata chupa yake Jumamosi hakuna anayemkodolea macho. Siku ya harusi ya binti wa Mama Kanisa alikwenda nyuma ya hema akafungua bia. Mama Kanisa akamfuata huko huko, na gauni lake la mama wa bibi harusi, akamwonyesha lango.

"Shemeji, mimi nami ni Mkristo," yule dereva alisema kwa upole. "Nakunywa, silewi."

"Kila mlevi alianza na maneno hayo hayo. Nenda, na nyumbani kwangu usikanyage."

Na kwa muda mrefu hakukanyaga.

Mumewe mwenyewe alikuwa kinyozi, na wateja walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu wembe wake ulipita shingoni kama pumzi ya mtoto. Duka lake lilikuwa kwenye kona ya barabara: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, shiti jeupe alilopindiwa na mkewe, redio ndogo, na chupa ya spiriti ya kufutia mashine. Mchungaji alinyolewa hapo kila wiki. Alikuwa akilala kwenye kile kiti, koo juu, macho yamefumbwa, akisema kwamba mtu mwenye mkono mtulivu namna ile lazima moyo wake pia umetulia.

Ambacho mchungaji hakukijua ni kwamba utulivu ule ulitoka chupani. Kabatini chini ya kioo mlikuwa na chupa kadhaa za spiriti. Moja ilikuwa ya mashine, zilizobaki zilikuwa na kinywaji, na hizo zilikuwa za mwenye duka. Akirudi nyumbani ananuka alisema, "Ni spiriti ya mashine, mama," na mkewe, mwenye pua iliyofundishwa utotoni, alijibu, "Uwe unaifunga vizuri, itakuumiza kichwa." Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini macho ya kutazama nyumba za watu na macho ya kutazama kitanda chako mwenyewe si yale yale.

Jumatano moja alikwenda dukani kumpelekea shiti jipya. Mlango ulikuwa umerudishwa. Alipousukuma alimkuta mumewe amesimama mbele ya kabati, kichwa nyuma, chupa mdomoni. Kwenye kioo walitazamana. Yule mwanamume hakuficha chupa wala hakutunga neno. Aliiweka chini taratibu, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Tangu tulipomzika mama."

Huo ulikuwa msiba wa zamani. Binti yao alikuwa bado shule ya msingi.

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Nisipopata siwezi kushika wembe, mke wangu. Mkono unakataa."

Jibu lile lilikuwa na mambo mawili, na Mama Kanisa alisikia moja tu. Alisikia kila asubuhi. Lile la mkono lilimpita, na baadaye maisha yake yote angelirudia, akilisikia upya.

Alizitoa chupa zote, akazimwaga mtaroni nje ya duka, hata ile ya mashine. Kisha akamshika mumewe mkono wakaenda moja kwa moja kwa mchungaji. Jioni ile ile, mbele ya waumini waliokuja kwenye ibada ya katikati ya wiki, Mkono Mwepesi alipiga magoti. Mkewe alikuwa amemwambia njiani asione haya kulia, na kweli alilia, machozi ya mtu aliyebeba mzigo peke yake kwa miaka. Aliapa kwamba kuanzia siku ile hata tone halitagusa ulimi wake. Mchungaji akamwekea mikono, akatamka kwamba amefunguliwa. Waliimba mpaka madirisha yakatetemeka, na Mama Kanisa akalala usiku ule usingizi wa kushiba.

Kesho yake mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa kanisa, aliyekuja makusudi kumpongeza. Akatoka na sikio limekatwa. Mkono Mwepesi alifunga duka, akarudi nyumbani na mikono ameiweka makwapani kama mtu anayesikia baridi. Jasho lilikuwa likimchuruzika. Chai ilimtapisha, uji ulimtapisha, na mkewe akajisemea kwamba sumu inatoka, acha itoke. Aliendelea kushona huku akimsikia akigeuka kitandani upande wa pili wa pazia.

Ijumaa asubuhi alimwita. Meno yalikuwa yakigongana hata maneno yalitoka vipande.

"Mke wangu, nipe kijiko. Kijiko kimoja tu. Siombi cha kulewa. Naomba cha kunituliza."

"Umemwapia Mungu mbele za watu."

"Mungu ananiona ninavyotetemeka."

"Na shetani pia anakuona. Anangoja niende kukununulia."

Alimfuta jasho, akamsomea neno, akamwombea. Mchana mumewe aliteremka kitandani, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya cherehani, magoti yale yale aliyoyapiga kanisani. "Nakuomba," akasema, na hakuongeza kitu. Mama Kanisa alimtazama mwanamume aliyemwoa akiwa mnyoofu kama mche, sasa amejikunja miguuni pake kwa ajili ya pombe. Badala ya mumewe akamwona baba yake. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Afadhali nikuzike ukiwa safi kuliko kuishi nawe ukiwa mlevi."

Mumewe aliinua macho, akamtazama, kisha akarudi kitandani kwa kutambaa. Hakuomba tena.

Jumamosi kulipokucha alikuwa hayupo. Mwili ulikuwapo, macho yako wazi, lakini mwenyewe alikuwa amekwenda kwingine. Alikuwa akipangusa sisimizi kwenye shuka, na shuka halikuwa na sisimizi. Alimwita mkewe kwa jina la mama yake aliyekufa, akamwomba amfungulie mlango kuna watu wanamngoja anyoe. Mama Kanisa akatuma salamu kwa mchungaji, naye akaja upesi na akina mama wa maombi. Wakakizunguka kitanda.

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajala tangu juzi, akifunga kwa ajili ya yule kinyozi wake. Alipoona hali ile alijua kwa imani yote anachokiona.

"Pepo hatoki kimyakimya," akasema. "Akitoka lazima apige kelele. Tusimame imara, jioni hii atakuwa huru."

"Mchungaji, si tumpeleke hospitali?"

Mchungaji alimvuta kando. "Dada yangu, tukimpeleka leo, tutakuwa tumesema nini juu ya Jumatano?"

Mama Kanisa akarudi kando ya kitanda. Lile lilikuwa swali ambalo hata yeye, juzi tu, angemuuliza mtu mwingine.

Ilikuwa mchana jua likiwaka juu ya bati pale mumewe alipokakamaa ghafla. Mgongo ulijikunja, macho yakageuka yakabaki meupe, kitanda kikaanza kugonga ukuta. Povu lenye damu likatoka pembeni mwa mdomo, alikuwa ameuma ulimi. Akina mama wakapandisha wimbo. Kadiri kitanda kilivyogonga ndivyo walivyoimba, na ndani ya kelele ile Mama Kanisa akasikia neno lililompita Jumatano: nisipopata, mkono unakataa. Si kwamba mwanamume huyu alitaka. Mwili wake ulikuwa umejengwa upya juu ya kitu kile, na yeye mkewe alikuwa ameung'oa msingi kwa siku moja, akategemea nyumba isimame. Binti wa mwashi, hakulijua hilo.

Alitoka kwa mlango wa jikoni bila viatu.

Baa ilikuwa barabara ya pili. Aliijua vizuri, kila mwaka alisimama mlangoni pake na akina mama akigawa vijikaratasi vya kuonya walevi. Siku hiyo hakusimama mlangoni. Alipita katikati ya meza, watu wakanyamaza mmoja mmoja mpaka ikabaki televisheni peke yake ikitangaza mpira, akafika kaunta.

"Nipe ile kali. Chupa ndogo."

Msichana wa kaunta alimwangalia juu mpaka chini, akaishia kwenye miguu iliyo wazi. "Mama, leo mmekuja kuhubiri au kununua?"

"Kununua."

Chupa ikawekwa mezani, akaipokea kwa mikono miwili. Ndipo mtu akainuka kwenye kona. Alikuwa shemeji yake, yule dereva, glasi yake imefika nusu.

"Shemeji? Kuna nini?"

"Kaka yako anakufa," akasema Mama Kanisa. Sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo. "Ameacha pombe, nikamnyima, sasa anakufa. Nampelekea kijiko."

"Anameza?"

"Ameuma meno."

"Basi utampalia. Weka hiyo chupa. Hospitali." Tayari alikuwa akipapasa mifuko kutafuta funguo, kisha akasimama, akaitazama glasi yake. Akageuka kwa walioketi. "Nani hapa hajanywa?"

Katika baa nzima alipatikana mmoja, fundi magari, Mwislamu, aliyekuja kula nyama na soda yake. Aliacha sahani, akanawa mikono haraka, akapokea funguo.

Wakamtoa Mkono Mwepesi nyumbani akiwa amefungwa kwenye shuka. Mchungaji alishika upande mmoja, shemeji mwenye harufu ya bia mdomoni akashika mwingine, wakampandisha pikapu pamoja bila kutazamana. Mama Kanisa alikaa nyuma, kichwa cha mumewe mapajani. Chupa alikuwa bado ameishika, amesahau kuiacha, na watu wa mtaa walisimama milangoni wakaiona. Njiani mtetemo ulimrudia tena mumewe, na mwanamke yule, ambaye maombi yake yalijulikana kwa urefu, hakupata hata sentensi moja. Alisema tu, "Usife nikiwa nimekwambia vile. Usife nikiwa nimekwambia vile."

Hospitali walimchoma sindano, wakamtundikia dripu, wakamfunga mikono asijiumize. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alitoka baadaye kuuliza maswali.

"Alikuwa anakunywa kila siku? Kwa muda gani? Aliacha lini?" Akaandika. "Nani alimwachisha ghafla hivi?"

Shemeji alifungua mdomo, lakini Mama Kanisa akamtangulia.

"Mimi."

Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba kuacha ni vizuri, ila mtu aliyefika pale haachi peke yake nyumbani. Hupewa dawa, hushushwa polepole, huangaliwa. "Mngemleta Alhamisi," akasema, "ingekuwa kazi ndogo."

Mkono Mwepesi alikaa wodini majuma mengi. Hakufa. Lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyetoka. Mikono ilitetemeka hata kikombe alishikiwa, miguu ilitafuta ardhi kama ya mtu aliyeshuka kwenye boti, na kumbukumbu ilikuwa na matundu. Siku nyingine alijua yeye ni nani, siku nyingine aliuliza kama binti yao ameshatoka shule. Duka lilipangishwa kwa muuza simu.

Kanisani maneno yalikuwa yamefika kabla yao. Mama Kanisa kaonekana baa. Mama Kanisa kanunua, tena kwa mikono miwili. Baraza la wazee likamwita, na mzee mwenye kovu sikioni akiwa mmoja wao. Mchungaji, ambaye tangu siku ile alikuwa amekonda, aliongea akitazama meza.

"Sisi tunaujua moyo wako. Lakini waumini wamekwazika. Tunaomba usimame Jumapili, useme maneno machache ya toba kwa lile la baa, yaishe."

"Nitasimama," akajibu.

Akasimama. Kanisa lilijaa, maana habari za toba hujaza viti kuliko za mahubiri. Alishika ukingo wa meza ya mbele.

"Nimeambiwa nitubu kwamba nilikwenda baa," akasema. "Nimejaribu tangu Jumatatu, haiji. Ninachotubu ni kingine. Mume wangu aliniomba msaada kwa magoti, nami nikamjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilifikiri nalinda kiapo chake. Nilikuwa nalinda jina langu. Pombe ilimla baba yangu, bado naichukia, na sitainywa mpaka nife. Lakini mtu aliyemwua mume wangu nusu hakuwa amelewa."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji aliinamisha kichwa, akamwambia mpiga kinanda apige chochote. Wiki iliyofuata akina mama walichagua mwenyekiti mwingine. Mama Kanisa akahamia benchi la nyuma, karibu na mlango, kwa sababu mumewe alihitaji kutoka mara kwa mara.

Wengi wangedhani hilo ndilo lililomuumiza. Kilichomuumiza kilikuja mchana mmoja wa kawaida, yeye akitia uzi kwenye sindano ya cherehani, mumewe amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Ilikuwa moja ya siku zake safi.

"Uliniambia nilie mbele za watu, nikalia," Mkono Mwepesi akasema ghafla, kwa sauti yake ya zamani. "Mimi nilikuomba kijiko."

Mama Kanisa akaweka uzi chini. "Nakumbuka."

"Sikulaumu, mama. Na mimi nilikudanganya miaka mingi. Ila nilikuomba."

Katika maneno yote ambayo Mama Kanisa aliwahi kuyasema juu ya pombe, mbele ya akina mama, vijana na maharusi, hakukuwa na hata moja lililofaa chumba kile. Alipogeuka kumtazama, mumewe alikuwa tayari ameshaondoka tena, akiuliza kama kuna mteja mlangoni. Akamwambia hakuna, apumzike. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye cherehani, chuma baridi, akalia bila sauti.

Mwaka ule haujaisha, yule msichana wa kwaya mwenye ulimi mwepesi, sasa mke wa mtu, alifika mlangoni pake mchana, pumzi juu. Hakwenda kwa mwenyekiti mpya.

"Mama, mume wangu kaacha juzi. Kaapa kwa mchungaji. Sasa anatetemeka, anatoa jasho, kila mtu anasema nimwombee tu."

Mama Kanisa alikuwa ameshasimama. Alimwita jirani akae na mumewe, akavaa viatu, akatoka. Walikwenda wakichukua hatua za haraka kuelekea kwa yule msichana, na wakiwa bado njiani akampigia shemeji yake simu alete pikapu.

"Mama," msichana akasema huku akilia, "hivi ni dhambi? Mkristo kunywa, ni dhambi kweli? Maana wewe ulituambia."

Zamani jibu lingekuwa limeshatoka. Mama Kanisa alitembea kipande kirefu amebana midomo, na safari hii haikuwa kwa ajili ya pini.

"Mimi sinywi, na wewe usinywe," akasema mwishowe. "Mengine utaniuliza tukishamfikisha kwa daktari. Meno yamebana?"

"Hapana. Anaongea."

"Amekuomba kitu?"

"Ameniomba kidogo. Nikamwambia nitampa jibu."

"Basi bado tuna muda," akasema Mama Kanisa, akaongeza mwendo.